Jinsi ya kusoma nguvu na bei ya gari la umeme la kifahari kabla ya kulipa

Karatasi ya sifa za gari la umeme la bei ya juu huanza karibu kila mara na namba ileile: sekunde za kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Ifunike kwa kidole. Si lazima iwe ya uongo, lakini ndiyo sifa iliyomgharimu mtengenezaji kidogo kuliko unavyodhani, na muuzaji anajua kwamba ndiyo utakayowasimulia rafiki zako. Fedha yako nyingi imelala kwingine kabisa: kwenye upoozaji, breki, volti, matairi, na wakati mwingine kwenye jina tu.

Chukua karatasi za sifa za magari mawili au matatu unayoyafikiria, kalamu, na simu yenye kikokotoo. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Pima kwa mizani moja

Nguvu za farasi ziko za aina mbili. Farasi wa Kiingereza ni wati 746, farasi wa kimetriki anayetumiwa sana Ulaya ni wati 735 na kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye magari yenye farasi elfu inafika farasi kumi na kitu waliotoka hewani. Badili zote ziwe kilowati. Tesla Model S Plaid yenye farasi 1,020 wa Kiingereza ni takriban kilowati 760. Porsche Taycan Turbo S ya mwaka 2019, yenye farasi 761 wa kimetriki, ni kilowati 560.

Halafu sekunde. Marekani hupima hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96.6, si 100. Zaidi ya hapo, wapo watengenezaji wanaofuata desturi ya viwanja vya mbio za kunyoosha: futi ya kwanza haihesabiwi, saa inaanza gari likiwa limeshasogea sentimita 30. Inaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Gari linaloondoka kwa nguvu namna hii huvuka sentimita hizo kwa karibu robo sekunde, na saa inapoanza tayari linakimbia karibu kilomita 9 kwa saa. Ile sekunde 1.99 maarufu ya Plaid ilitangazwa kwa maili 60, bila futi ya kwanza. Porsche, kwa Ulaya, hutaja sekunde zake hadi kilomita 100. Ukiziweka namba hizo mbili bega kwa bega bila kusahihisha, unalinganisha mbio mbili zenye mistari tofauti ya kuanzia na ya kumalizia.

Andika pembeni ya kila namba: hadi kasi gani, na futi ya kwanza imehesabiwa au la. Kama karatasi haisemi, muulize muuzaji. Asipojua, weka alama ya kuuliza na usonge mbele.

Hatua ya 2: Ona kwa nini kasi ya kuondoka ni rahisi

Gari la kilo 2,200 likifika kilomita 100 kwa saa linakuwa limebeba nishati ya mwendo ya takriban kilowati-saa 0.24. Ni umeme ambao birika la kilowati 2 huutumia kwa dakika saba. Betri kubwa ya gari la kifahari hubeba mara mia nne ya kiasi hicho. Kwa hiyo nishati haina shida. Shida ni kuitoa haraka: ukitaka ifanyike kwa sekunde 2.5 unahitaji wastani wa kilowati 340, na betri kubwa hutoa kiasi hicho kwa muda mfupi bila kuhema.

Mota nayo hutoa msokoto wake wote, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, tangu inapoanza kuzunguka. Injini ya petroli inabidi ipande mizunguko kwanza, ibadilishe gia, isubiri hewa. Ndiyo maana Tesla Model 3 Performance ya mwaka 2024, iliyouzwa Marekani kwa takriban dola 55,000, hufika maili 60 kwa sekunde 2.9. Miaka ishirini iliyopita sekunde hizo zilikuwa za magari yanayotajwa kwa kunong'ona.

Kinachokuja kuzuia ni mpira wa matairi. Kufika kilomita 100 kwa sekunde 2.5 ni kuongeza mwendo kwa mita 11 kwa sekunde katika kila sekunde, zaidi ya kasi ambayo kitu huiongeza kikidondoka. Maana yake matairi yanasukuma barabara kwa nguvu inayozidi uzito wa gari zima. Ukiongeza farasi mia mbili hapo, kwenye lami ya kawaida utapata moshi wa matairi na sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwa hiyo ukikuta toleo lenye sekunde 2.8 na jingine lenye 2.4, na kati yao kuna makumi elfu ya dola, usilipe kwa sababu ya hizo nukta nne. Angalia kingine ulichoongezewa.

Hatua ya 3: Dai namba za baada ya 100, na za mara ya kumi

Hapa ndipo magari yanapoachana, na hapa ndipo mimi hutumia muda mwingi.

Anza na kutoka 100 hadi 200. Magari mengi ya umeme yana gia moja tu. Mota inayotoka kwa kishindo huanza kuishiwa pumzi mizunguko inapopanda sana, na gari lililokubana kwenye kiti hadi 100 linakuwa la kawaida tu kwenye 180. Watengenezaji wametatua hili kwa njia tofauti, na zote zina gharama. Porsche iliiwekea Taycan gia mbili nyuma, moja ya kuondokea na nyingine ya mwendo mkali. Tesla iliivika sehemu inayozunguka ndani ya mota za Plaid gamba la nyuzi za kaboni ili isitanuke kwa mizunguko mikubwa. Rimac Nevera, gari la Croatia lenye mota nne na farasi 1,914, hutoka sifuri hadi 200 kwa sekunde 4.42. Namba kama hiyo huwezi kuipata kwa kuongeza betri tu.

Kisha uliza nguvu inayotajwa inadumu kwa muda gani. Taycan Turbo GT ya mwaka 2024 ni mfano mzuri kwa sababu Porsche yenyewe inasema wazi: nguvu yake ya kawaida ni kilowati 580, hupanda hadi 760 ukitumia mfumo wa kuondokea, na hufika 815 kwa sekunde mbili tu. Gari moja, namba tatu. Tangazo hubeba ile kubwa. Wewe andika zote tatu, na ulinganishe ile ya kawaida na ya kawaida ya mwenzake.

Sababu ni joto. Chukua kilowati 600 zikipita kwenye betri, inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uweze kutumiwa na mota) na mota, halafu sema asilimia 10 zinapotea njiani. Hizo ni kilowati 60 za joto, sawa na mabirika thelathini yanayochemka kwa pamoja chini ya sakafu. Gari lisipokuwa na mabomba, pampu na rejeta za kutosha, kompyuta yake hupunguza nguvu ili kujilinda. Utaondoka kama risasi mara ya kwanza na ya pili; mara ya tano utaona kwenye skrini ujumbe wa adabu kwamba nguvu imepunguzwa. Vilevile chaji: betri ikiwa baridi, au ikibaki asilimia 20, haitoi ilichotoa ikiwa 90.

Kipimo cha haraka cha mambo haya yote kwa pamoja ni mzunguko mmoja wa uwanja wa mbio wa Nürburgring nchini Ujerumani, kilomita 20.832 za kona, miinuko na breki. Si barabara unayokwenda nayo kazini, lakini gari lisiloweza kujipooza haliwezi kujificha pale kwa dakika saba. Tazama namba hizi ukiwa na bei mkononi. Plaid ilitumia dakika 7 na sekunde 35.579 mwaka 2021, na ilipowekewa breki na matairi ya mbio mwaka 2023 ikashuka hadi 7:25.231. Nevera, gari la euro milioni mbili, ilipata 7:05.298 mwaka 2023. Taycan Turbo GT, iliyoanza kuuzwa Marekani kwa dola 230,000, ilipata 7:07.55. Mwaka 2025 ikaja Xiaomi SU7 Ultra, sedani ya milango minne iliyozinduliwa China kwa yuani 529,900, ikiwa na vifaa vya ziada vya mbio, na kuandika 7:04.957.

Soma tena. Kati ya gari la milioni mbili na lile lenye bei ya sehemu ndogo yake, tofauti haifiki sekunde tatu katika kilomita ishirini.

Hatua ya 4: Kagua breki, matairi na uzito

Sehemu hii huandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Gari la kilo 2,300 likiwa kilomita 250 kwa saa lina nishati mara sita na robo ya lile lililo kwenye 100, na yote lazima iende mahali unapokanyaga breki. Katika mwendo wa kila siku mota ndizo zinazofunga gari na kurudisha umeme kwenye betri. Porsche husema karibu asilimia 90 ya ufungaji wa kila siku kwenye Taycan hufanywa hivyo bila diski kuguswa. Lakini betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme, na breki ya ghafla kabisa ni ya diski. Plaid ilipotoka ilitangazwa kufika kilomita 322 kwa saa, ila breki za kauri na magurudumu yanayofaa kasi hiyo vilikuja baadaye, vikalipiwa kivyake. Uliza: kasi ya juu iliyotajwa inapatikana kwa vifaa gani, na je, vimo kwenye bei?

Matairi ya magari haya hubeba uzito mkubwa kuliko kawaida. Pirelli ililazimika kutengeneza aina ya kubeba mzigo zaidi, na Lucid Air ilikuwa ya kwanza kuyavaa. Pata bei ya seti nzima kabla hujanunua gari. Ukiendesha kama jina la toleo linavyokushawishi, utayanunua mara nyingi.

Hatua ya 5: Punguza umbali uliotangazwa

Kuna vipimo vitatu utakavyokutana navyo. Cha China, CLTC, ni cha upole kuliko vyote. Cha Ulaya, WLTP, kiko katikati. Cha Marekani, EPA, kwa kawaida ni kikali. Taycan Turbo S ya kwanza ilipewa hadi kilomita 412 na WLTP, na EPA ikaipa maili 192, yaani kilomita 309. Gari ni lilelile. Usilinganishe CLTC ya gari moja na EPA ya jingine, hata kama karatasi zote mbili zimeandika "umbali" bila maelezo.

Angalia pia ukubwa wa rimu. Kwenye Plaid, EPA ilitoa maili 396 kwa rimu za inchi 19 na maili 348 kwa inchi 21. Karibu kilomita 77 zimeliwa na urembo, na ulilipia zaidi ili uzipoteze. Mimi ningechukua ndogo bila kufikiri mara mbili. Nazo hazikwaruziki ovyo kwenye kingo za barabara.

Kisha mwendo. Ukali wa upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 110 hadi 150 kwa saa, upepo unakusukuma nyuma karibu mara 1.9. Hapa ndipo umbo la gari linapolipa. Lucid Air ya mwaka 2021 ilifika maili 520 za EPA, yaani kilomita 837, si kwa betri kubwa peke yake bali pia kwa mwili unaopenya hewa vizuri na mota zisizopoteza umeme. Gawa uwezo wa betri kwa umbali, zidisha kwa 100, upate kilowati-saa kwa kila kilomita 100. Gari lenye namba ndogo hapo lina uhandisi mzuri kuliko lile lililofika mbali kwa kubeba betri nzito tu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya wastani wa kuchaji

Ile kilowati kubwa ya kuchaji inayotangazwa inaweza kudumu dakika chache tu. Unachotaka ni wastani. Taycan iliyoboreshwa mwaka 2024, yenye betri kubwa ya kilowati-saa 97 zinazotumika, hutangazwa kuchaji kwa hadi kilowati 320, na kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Asilimia 70 ya 97 ni karibu kilowati-saa 68. Gawa kwa dakika 18, zidisha kwa 60, unapata wastani wa kilowati 226. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, na ni nzuri sana.

Volti ndizo zinazowezesha. Ampea 500 kwenye gari la volti 400 ni kilowati 200, na nyaya zimeshapata moto. Kwenye volti 800, nguvu ileile inahitaji nusu ya ampea. Ila kuwa mwangalifu: gari la volti 800 kwenye chaja ya volti 400 linahitaji kifaa cha kupandisha. Taycan za kwanza zilichaji kwenye chaja hizo kwa kilowati 50 tu kama mnunuzi wa kwanza hakulipia kifaa cha hiari cha kilowati 150. Ukinunua iliyotumika, hicho ni kitu cha kukitafuta kwenye orodha kabla ya rangi ya viti.

Hatua ya 7: Ipasue bei

Sasa weka bei mezani. Watu hudhani betri ndiyo inayofanya gari la kifahari liwe ghali. Kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, wastani wa bei ya betri duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa. Betri ya kilowati-saa 100 kwa wastani huo ni dola 11,500. Sema ya gari la mbio inagharimu maradufu kwa sababu ya upoozaji na seli bora. Bado ni sehemu ndogo ya dola laki mbili.

Gawa karatasi yako mafungu manne. La kwanza, vitu vya kushikika vinavyokaa kwenye gari: breki za kauri, springi za hewa, gia ya pili, inveta bora. La pili, urembo na starehe. La tatu, programu. La nne, jina na uchache. Kila kitu kwenye orodha ya hiari kiweke kwenye fungu lake na bei yake. Ni kazi ya nusu saa na itakuudhi kidogo.

Fungu la tatu linahitaji macho. Mwaka 2022 Mercedes ilitangaza Marekani malipo ya dola 1,200 kwa mwaka ili baadhi ya magari yake ya umeme yaongeze kasi ya kuondoka, bila kubadilisha hata skrubu. Nguvu ilikuwa imo tayari, imefungwa. Uliza kwa maandishi: nini kwenye gari hili ni cha kulipia kila mwezi au mwaka, na kipi kitabaki nikiliuza?

Fungu la nne halina kikokotoo, na soko lenyewe limeonyesha kwamba umeme na uchache havipatani sana. Mate Rimac, aliyeanzisha kampuni inayotengeneza Nevera, alikiri mwaka 2024 kwamba wanunuzi wa magari ya bei za mamilioni wanapendelea injini. Gari jipya la Bugatti lililotoka chini ya uongozi wake mwaka huohuo, Tourbillon, lina injini ya silinda 16 ikisaidiwa na mota, kwa euro milioni 3.8. Watu hao hawanunui sekunde. Wewe ukitaka sekunde, usilipe bei ya watu hao.

Hatua ya 8: Hesabu kilichobaki baada ya miaka mitatu

Plaid ilizinduliwa Juni 2021 kwa dola 129,990. Septemba 2023 gari jipya kabisa liliuzwa kwa dola 89,990. Aliyenunua mwanzoni alipoteza dola 40,000 kwenye bei ya gari jipya kabla hata ya kuhesabu kilomita alizotembea. Gari la umeme la kifahari hushuka kama simu: toleo linalofuata huja na umbali zaidi na kuchaji haraka zaidi, na lako linazeeka likiwa limekaa kwenye gereji.

Tafuta bei ya sasa ya toleo lilelile lenye umri wa miaka mitatu. Toa kwenye bei ya jipya, gawa kwa 36. Hiyo ndiyo kodi yako ya mwezi hata kama umelipa taslimu. Ongeza bima, matairi na umeme.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowabeba wanunuzi wa mtumba, na kusema kweli ndipo ningeweka fedha yangu. Dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane, na huahidi kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70; kwa hiyo gari la miaka mitatu lina mitano mbele. Dai ripoti ya afya ya betri, historia ya sasisho za programu, na uthibitisho kwamba wito wowote wa kurekebishwa na mtengenezaji umeshughulikiwa.

Hatua ya 9: Liendeshe likiwa limechoka

Muuzaji atakupa gari lenye chaji ya asilimia 90, betri imepashwa, matairi mapya. Omba muda mrefu. Liendeshe kawaida kwanza, mtaani, kwenye matuta, ukiegesha. Penye nafasi halali na salama, ongeza mwendo kwa nguvu mara kadhaa mfululizo, kisha funga breki kwa uthabiti na usikie kama kanyagio inabaki ileile kati ya breki ya mota na ya diski. Ukiweza, rudia chaji ikiwa chini ya asilimia 30. Kisha lichomeke kwenye chaja ya haraka na usome kilowati kwenye skrini kwa dakika kumi, si kwa sekunde kumi.

Rudi kwenye karatasi zako. Kama baada ya hesabu zote hizi magari mawili bado yamelingana, ondoa kidole kwenye ile namba ya kwanza na uchukue lenye kasi.